Pululu Aliyeosha Mwezi

Swabulah alikuwa hajawahi kumwona Assumani ameketi. Tangu wajuane, kijana huyo alikuwa mtu wa kusimama upande wa pili wa meza ya duka, kofia mkononi, vumbi la barabara ya Nakivale kwenye nyusi. Leo alikuwa sebuleni kwa baba yake Swabulah, kule Kakiika, kwenye ukingo wa kochi la kijani, magoti yake marefu yamechongoka mbele yake kana kwamba hajui ayapeleke wapi. Kando yake alikaa mama yake, Mama Mwamini, amejifunga kitenge kilichopigwa pasi kwa uangalifu, mikono miwili juu ya paja, macho chini.

Swabulah aliwatazama kupitia upenyo wa pazia. Moyo ulimdunda mpaka akahisi pazia lenyewe linatikisika.

"Acha kuhema hivyo," shangazi yake, Senga Jalia, alimnong'oneza. "Baba yako atasikia."

"Senga, atamfukuza."

"Angetaka kumfukuza angemfukuzia dukani. Amemwita nyumbani. Tulia."

Lakini angetuliaje? Baba yake, Haji Umaru, alikuwa amekwisha kumwahidi Nasur, mfanyabiashara wa vipuri wa Masaka aliyemposa, kwamba mfungo wa Ramadhani ukiisha atapewa jibu zuri. Kila mtu mjini alijua jibu zuri la Haji Umaru maana yake nini. Haji hakuwa mtu wa kurudisha neno lake mdomoni. Halafu wiki iliyopita mteja mmoja akamwambia Haji, kwa kicheko tu, kwamba binti yake siku hizi anasimulia hadithi dukani, na mkimbizi mmoja anakuja kutoka Nakivale kuzisikiliza.

Na ilikuwa kweli.

Mwaka huo wa themanini na nane televisheni zilikuwa za kuhesabika Mbarara. Ya Haji Umaru ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti, ikafunuliwa Jumamosi alasiri tu, saa ya katuni. Watoto wa jirani walijazana sakafuni, na Swabulah, msichana mkubwa wa kuolewa, alikaa nao akacheka kuliko wote. Katuni yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu. Kulikuwa na kiumbe mmoja anaitwa Pululu, ambaye si mtu wala mnyama, mwenye tumbo kama chungu na miguu kama mianzi. Alisafiri angani ndani ya beseni la kuogea. Alikuwa na kuku asiyetaga mayai; alitaga miavuli. Pululu akianguka toka mawinguni anabapatika kama chapati, kisha anajikung'uta, anavaa kofia yake, anaendelea na safari. Maneno yalikuwa ya lugha ya mbali ambayo hata Haji hakuijua, lakini nani alihitaji maneno?

Assumani alikuja dukani mara ya kwanza kununua chaki na wino. Alikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya kambini. Alilipa, akafunga mzigo wake, lakini hakuondoka.

"Dada," alisema, "samahani. Batoto ba darasa yangu bananisumbua. Mwenzao mumoja alilazwa huku Mbarara, akarudi na hadithi ya mutu anaruka na beseni. Sasa kila siku wananiuliza, mwalimu, huyo mutu ni wa namna gani? Miye sijue. Wewe unamujua?"

Swabulah alicheka. "Pululu? Namjua sana!"

"Nielezee, tafazali."

Akamweleza. Kwanza kwa mdomo, kisha kwa mikono, mwishowe akatoka nyuma ya meza, akashika kiuno, akainua unyusi mmoja kama Pululu anapokasirika, akatembea dukani kwa miguu ya mianzi. Assumani hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Hilo ndilo lililomshangaza Swabulah. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza namna ile, bila kuangalia pembeni, bila kungoja zamu yake ya kusema.

Aliporudi tena alikuwa na kitabu. Alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, na ndani yake, picha baada ya picha, ndani ya visanduku vilivyopigwa rula, alikuwa Pululu. Buluu ya anga ilikuwa buluu ya kufulia nguo. Njano ilikuwa binzari. Na maneno yaliyotoka vinywani mwao yalikuwa ya Kiswahili, Kiswahili cha Nakivale, kile cha mama za Kikongo wanaouza dagaa sokoni. "Kuku, nizalie mwavuli, mvua iko nakuja!" Pululu alisema. Na kuku akajibu, "Baba, hata mutu anachokaka!"

Swabulah aliketi juu ya gunia la sukari. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Picha zilikuwa zimetulia tuli kwenye karatasi, lakini aliapa kwamba beseni lilipita mbele ya macho yake na upepo wake akausikia shavuni.

"Umefanyaje hivi?" aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo, kama sauti ya mtu aliye msikitini.

"Niliandika tu ile uliniambia."

"Mimi sikusema haya yote."

"Ulisema," Assumani alijibu taratibu. "Mikono yako ilisema."

Tangu hapo kila lori la Nakivale lilipoingia mjini, Swabulah alijua kwa masikio kabla ya macho. Alisimulia, naye akachora. Na siku moja Senga Jalia alipokwenda kuuza vitambaa kwenye gulio la kambini, Swabulah alifuatana naye. Waliyapita mashamba ya ndizi ya Isingiro, wakateremka, na ziwa likatokea mbele yao, pana, jeupe kwa jua. Shuleni aliwakuta watoto wamejipanga kwa safu chini ya paa la mabati, kitabu kimoja kimeshikwa juu na msichana wa mbele ili wote waone. Hakuna aliyekohoa. Ukurasa ulipofunguliwa, darasa zima lilivuta pumzi kwa pamoja, kisha kicheko kikapasuka hata ndege wakaruka kutoka juu ya paa. Watoto wasiowahi kuona televisheni, wengi wao wasiowahi kuona taa ya umeme, walimjua Pululu kama wanavyomjua jirani. Swabulah alisimama mlangoni, ngozi imemsisimka mwili mzima. Alielewa siku ile kwamba amekwisha kupenda, na kwamba hakuna dawa.

Sasa sebuleni Haji Umaru alikohoa.

"Kijana," alisema, "kwenu ni wapi?"

"Nakivale, muzee."

"Nakivale ni kambi. Mimi nauliza kwenu."

Mama Mwamini aliinua uso. "Haji, nipatie ruhusa nimujibie. Kwetu ni Bukavu. Miye nilitoka kule na vita, mwaka wa sitini na ine, huyu niko namubeba mu mugongo. Baba yake alibakia mu njia, Mungu amurehemu. Huyu mutoto hajue fasi ingine. Ukimuuliza kwao, atakuonyesha ile nyumba nilijenga na mikono yangu. Haiko ingine."

 Haji aliheshimu wajane, mama yake mwenyewe alikuwa mmoja.

"Nnyabo, mama yangu, pole sana," alisema. "Mimi sikatai mtu kwa sababu ya umaskini. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuuza sindano. Lakini mwanamke anaolewa aende mahali. Kijana wako akiambiwa kesho rudi kwenu, binti yangu atamfuata wapi?"

 Nyuma ya pazia Swabulah aliuma ncha ya mtandio.

"Na jambo la pili," Haji aliendelea, akimgeukia Assumani. "Haya maneno ya kuchora. Wewe ni Mwislamu. Unachora viumbe. Siku ya kiyama utaambiwa uvipe roho. Utasema nini?"

Assumani alitazama viganja vyake. "Muzee, nilifikiria hiyo mingi. Lakini miye sichore kiumbe cha Mungu. Mungu hakuumba kitu chenye kutembea mu beseni."

"Assumani!" mama yake alimkemea kwa hofu.

Senga Jalia aliziba mdomo kwa kiganja. Haji alitazama dirishani kwa muda mrefu, na ndevu zake zikacheza kidogo, kama za mtu anayezuia kitu. Kisha akakaza uso.

"Nimemwahidi mtu wa Masaka," alisema. "Nimekuita hapa ili nikuambie mwenyewe, mbele ya mama yako, usisikie kwa watu. Dukani usije tena."

 Assumani aliinamisha kichwa. Hakubisha, hakulia, hakuomba. "Nimesikia, muzee," alisema tu, na sauti yake ilimpasua Swabulah kuliko kilio chochote.

Wakati huohuo mlango wa nje ulisukumwa. Watoto wa jirani waliingia kwa vurugu zao za kila Jumamosi, wakaona wageni, wakanyamaza, wakaketi sakafuni kwa adabu, nyuso zote zimeelekea kwenye kitambaa cheupe. Mama Mwamini alianza kuinuka.

"Kaeni," Haji alisema. Mgeni hafukuzwi katikati ya shughuli. "Muone kwanza, ndipo muende. Mmetoka mbali."

Aliondoa kitambaa, akaunganisha waya kwenye betri ya gari iliyokuwa chini ya meza, akabonyeza. Kioo kilitoa chembechembe kama mvua ya mawe. Kisha, polepole, kutoka ndani ya ile mvua, beseni likatokea.

Swabulah hakulitazama. Alimtazama Assumani.

Kijana alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Mwanga wa kioo ulimcheza usoni, na uso wake ukawa uso wa mtoto, uso wa mtu anayeona maji ya bahari kwa mara ya kwanza baada ya kuyasikia miaka yote. Pululu aliruka, na macho ya Assumani yakaruka. Pululu alianguka, na mkono wa Assumani ukanyooka kumdaka.

"Anatembea," alisema kwa pumzi. "Mama, angalia. Anatembea yeye mwenyewe."

"Naona, mwanangu," Mama Mwamini alijibu. Lakini yeye naye alikuwa akimwangalia mwanawe, na machozi yalikuwa yakimteremka bila sauti.

Hata Haji aligeuka. Televisheni ile alikuwa ameizoea mpaka akaiona sawa na kabati. Sasa alimtazama kijana mrefu aliyetetemeka mbele ya katuni ya watoto, akakumbuka, pengine, siku aliyosikia redio kwa mara ya kwanza. "Subhanallah," alisema chinichini.

Jumamosi ile Pululu alikuwa ameona mwezi umechafuka, akaamua kwenda kuuosha. Alijenga ngazi ya sabuni hadi juu. Alipanda, akateleza, akapanda, akateleza. Watoto walikuwa hoi kwa kicheko. Mwishowe akafika, akachovya brashi ndani ya ndoo, akainyoosha kuelekea uso wa mwezi, na kioo kikafifia. Picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe. Nukta ikazimika.

"Betri!" walilia watoto. "Haji, betri!"

Haji aligongagonga, akavuta waya, akarudisha. Hakuna kitu. Mdogo kuliko wote alianza kulia kwa sauti, na kilio kikashika wengine kama moto wa nyasi.

"Bambi, maskini, nyamazeni," Haji alisema, aibu imemjaa mbele ya wageni. "Wiki ijayo mtaona."

"Wiki ijayo ni kipindi kingine!" msichana mmoja alilia. "Mwezi je? Aliuosha au hakuuosha? Dada Swabulah, aliuosha?"

Wote waligeukia pazia, maana walijua yuko pale. Swabulah hakuwa na pa kujificha. Alitoka, mtandio kichwani, akapiga magoti kumwamkia mgeni, Mama Mwamini, kisha akabaki sakafuni katikati ya watoto. Hakuthubutu kumtazama Assumani.

"Sijui," alisema. "Hata mimi sijaona mwisho."

"Tuambie tu!"

 Ndipo Haji Umaru akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyelitarajia. Alikwenda kwenye kona ilipowekwa mali ya duka, akavuta bunda la karatasi za kaki za kufungia sukari, akaliweka mezani mbele ya Assumani.

"Watoto hawawezi kwenda nyumbani wakilia," alisema bila kumtazama mtu. "Wamalizieni hadithi."

Senga Jalia alikwisha kufika jikoni na kurudi na vipande vya makaa baridi.

Assumani alipiga magoti sakafuni. Alishika kaa, akangoja. Swabulah alifumba macho.  Kisha akafungua kinywa.

"Pululu akagusa mwezi kwa brashi," alisema, "na mwezi... mwezi ukacheka. Kumbe unatekenyeka."

Kaa likakwaruza karatasi. Mwezi ukatokea, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa kwa kicheko. Watoto walisogea.

"Ukacheka, ukacheka, mpaka ukang'oka. Chubwi! Ukaanguka ndani ya beseni."

Karatasi nyingine. Beseni, maji yameruka pande zote, Pululu juu yake mdomo wazi. Mkono wa Assumani ulikwenda kabla maneno hayajaisha. Ulikuwa kama unayajua. Swabulah aliinuka bila kujua, akashika kiuno, akainua unyusi mmoja, na kwenye karatasi ya tatu Pululu akafanya vilevile.

"Pululu akasema, sasa nimefanya nini? Dunia yote giza! Akamwambia kuku, nitagie mwavuli tujifunike aibu. Kuku akakaa. Akajikaza. Akajikaza tena..."

Sauti yake ilishuka.  Hata Assumani alisimamisha kaa, akamtazama, kwa sababu hata yeye hakujua.

"Na kuku akataga," Swabulah alinong'ona, "si mwavuli. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akataga yai. Kubwa, jeupe. Likapanda lenyewe, polepole, mpaka pale mwezi ulipokuwa. Likakaa. Likawaka."

Assumani hakuchora yai. Aliipaka karatasi yote makaa, nyeusi tii, akaacha mahali pamoja tu pa mviringo bila kupagusa. Akaiinua karatasi. Katikati ya weusi ule rangi ya kaki ilimeremeta kama kitu chenye moto ndani.

Watoto walitoa sauti moja tu: "Oooo."

Mama Mwamini alisema dua kwa midomo. Na Haji Umaru, mkono kwenye ndevu, alikuwa ameinamia zile karatasi za mwanzo sakafuni. Aliokota moja. Pululu alikuwa ameshika kiuno, unyusi mmoja juu, kidevu kimenyanyuka kwa ukaidi. Haji aliitazama, akamtazama binti yake, akaitazama tena. Na kicheko alichokizuia tangu mwanzo kikamtoka.

"Huyu ni Swabulah!" alisema. "Wallahi! Ni yeye anapobishana na wateja bei ya kitenge!"

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Kicheko kikamwisha. 

Assumani alisimama. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwiko.

"Ndiyo, muzee," alisema. "Leo njo mara ya kwanza nimemuona Pululu wa kweli. Sikujua ana sura ingine. Vitabu vyote nilichora, nilikuwa namuchora yeye. Sikuwahi kumuona mwingine."

Swabulah aliinamisha uso, maana ulikuwa umewaka. Machozi yalimdondoka juu ya karatasi nyeusi, yakaacha nukta ndogo ndogo, kama nyota.

Haji aliwaambia watoto waende kwao. Walitoka kimya, wamebeba picha zao kwa mikono miwili. Alipobaki na wakubwa tu, alikaa, akavua kofia yake ya kitambaa, akaiweka gotini. Alionekana amezeeka ghafla.

"Jalia," alimwita dada yake. "Uliyajua haya?"

"Niliyajua, kaka. Nilitaka uyaone kwa macho yako. Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa," Haji alikiri. Alimgeukia Swabulah. "Nasur ni mtu mzuri. Ana nyumba ya matofali. Ungelala bila hofu."

"Najua, baba."

"Na huyu hana hata nchi."

"Najua, baba." Swabulah aliinua macho. Hakuwa amepanga kusema, lakini maneno yalikuja. "Lakini mimi nikisema neno, yeye analiona. Baba, wewe umeona. Uliona lile yai."

 Nje ng'ombe wa jirani walipita wakirudi kutoka malishoni, pembe zao ndefu zikigongana taratibu. Haji aliwasikiliza mpaka wakaisha.

"Nimeona," alisema hatimaye. "Miaka yangu yote, sijapata kuona kitu kama kile." Akavuta pumzi. "Neno langu sijawahi kulirudisha. Litaniuma. Lakini afadhali liniume mimi siku moja kuliko limuume mtoto wangu siku zake zote. Kesho nitapanda gari niende Masaka. Sitatuma mtu. Nitakaa mbele ya Nasur na baba yake nimwambie mwenyewe, na wakinitukana nitawaitikia."

"Haji..." Mama Mwamini alianza.

"Ngoja, nnyabo. Sijamaliza." Alimnyooshea Assumani kidole. "Wewe. Sijasema ndiyo. Nikitoka Masaka nitakuja Nakivale. Nataka kuiona hiyo nyumba mama yako aliyoijenga kwa mikono yake. Nitakaa ndani yake, nitakula chakula chake, halafu tutaongea kama wanaume. Kale? Tumeelewana?"

"Kale, muzee," Assumani alisema.

Swabulah alipiga magoti mbele ya baba yake, akambusu mkono. Haji aliuweka mkono huo juu ya kichwa cha binti yake, ukatulia pale. Swabulah alipoinuka, macho yake na ya Assumani yalikutana, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na meza ya duka katikati yao.